Ukingo una mwenyewe, maji hayana

Mwaka 1905 walowezi wa Kiingereza nchini Kenya, Ewart Grogan akiwa mstari wa mbele, walileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Uskochi, na vifaranga wake wakatiwa katika mto Gura unaoshuka kutoka safu ya Aberdare. Miaka mitano baadaye akafuata trauti wa upinde wa mvua, kutoka Afrika Kusini. Tangu hapo samaki huyu ameishi maisha ya namna mbili nchini humo. Yuko anayezaliwa mtoni, kwenye changarawe, akaishi kwa wadudu na kwa ujanja wake mwenyewe. Na yuko anayelelewa bwawani, akala punje anazomwagiwa kwa saa, mpaka siku mgeni atakapolipa aje kumvua au aletewe mezani akiwa amekaangwa. Wanaomvua kwa burudani, Kenya na kwingineko, wana ubishi wa siku nyingi: je, trauti avuliwe kwenye maji ya mtu binafsi, yenye lango, mlinzi na kiingilio, au kwenye mto wa mwitu ambao kila mwenye leseni anaweza kuingia? Kwa maoni yangu ubishi huo umekosea pa kuanzia. Kinachomharibu trauti si wingi wa miguu mtoni, wala si kukosekana kwa lango. Ni ndoo: ile ndoo ya samaki wa kufugwa inayomiminwa majini ili aliyelipa asirudi mikono mitupu. Na maji ya binafsi, kwa jinsi biashara yake ilivyo, ndiyo yenye kishawishi kikubwa zaidi cha kuishika ndoo hiyo.

Kwa asiyewahi kuuona uvuvi huu, inafaa kwanza aelewe kinachogombaniwa. Mvuvi wa mshipi wa pwani hufunga chubwi, na uzito wa chubwi ndio unaoipeleka ndoana mbali. Mvuvi wa trauti hana chubwi. Ndoana yake ni ndogo, pengine sawa na ukucha wa mtoto, imezungushiwa nyuzi na manyoya hata ikafanana na mdudu, na haina uzito wa kurushika. Kwa hiyo uzito umetiwa kwenye mshipi wenyewe, ambao ni mnene. Mvuvi huupeleka nyuma na mbele hewani kwa ufito mrefu, kisha akaulaza juu ya maji taratibu. Kurusha huko, ambako ndiko kunakopendeza kwenye picha, ni nusu ya kazi tu. Wadudu wanaoliwa na trauti huishi sehemu kubwa ya maisha yao chini ya mawe, halafu hupanda juu, huota mabawa, hupandana, hutaga na kufa, wengine wao ndani ya siku moja. Mvuvi hana budi kujua ni mdudu gani anayetoka saa hiyo na amefikia hatua ipi, kisha amwachie mdudu wake wa manyoya aelee kwa mwendo uleule wa maji. Mshipi ukimvuta hata kidogo, trauti aliyezaliwa pale atamwacha apite, kwa sababu tangu utotoni ameona maelfu ya wadudu na hakuna hata mmoja aliyekwenda kinyume cha mkondo. Samaki wa punje hakupitia darasa hilo. Yeye amezoea kwamba kivuli cha binadamu ukingoni maana yake ni chakula.

Basi mwenye maji ya kulipiwa anauza nini? Anauza utulivu, na hilo halina ubaya. Lakini anauza pia uhakika, na uhakika ni bidhaa ambayo mto hautoi. Mto una siku zake za kunyima. Mteja aliyesafiri kutwa na kulipa fedha nyingi hafurahii kuambiwa kwamba leo maji yamekataa, na mwenye maji anayetaka mteja arudi anajua dawa ya haraka: gari la samaki kutoka kituo cha kutotolesha vifaranga. Serikali nazo zimetumia dawa hiyo miaka mingi kwenye mito ya umma, tena kwa fahari, kila msimu zikimwaga samaki ili wapiga kura waone kazi inafanyika. Tofauti ni kwamba serikali moja ilithubutu kupima kama dawa hiyo inaponya au inadhuru.

Serikali hiyo ni ya jimbo la Montana, Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu wa samaki wa jimbo, Richard Vincent, alikuwa akihesabu trauti katika mto Madison, mto mashuhuri unaoanzia ndani ya Hifadhi ya Yellowstone. Kuhesabu samaki mtoni si kubahatisha: maji hupitishiwa umeme mdogo, samaki hulegea kwa muda, huokotwa, hupimwa na kutiwa alama kisha huachiwa, na wanaokamatwa tena baadaye wakiwa na alama ndio wanaosaidia kukadiria jumla. Takwimu zake zilimtia shaka, naye akafanya jambo ambalo wakubwa wengi wasingelikubali. Sehemu ya Madison iliyokuwa ikipandikizwa samaki kila mwaka iliachwa bila kupandikizwa, na kijito cha jirani, O'Dell, ambacho kilikuwa kimeachwa kwa trauti wake wenyewe, kikapelekewa samaki wa kufugwa. Katika Madison trauti wa kahawia wa mwitu waliokomaa wakaongezeka zaidi ya maradufu, na wale wa upinde wa mvua wakaongezeka zaidi ya hapo. Katika O'Dell wakapungua sana. Wenye maduka ya zana, waongoza wavuvi na wavuvi wenyewe walipiga kelele kwamba jimbo linaua utalii wake. Hata hivyo mwaka 1974 Montana iliacha kupandikiza samaki katika mito yenye uwezo wa kukuza trauti wa mwitu, na kwa uamuzi huo jina lake likakua duniani kote miongoni mwa watu wa ufito.

Mtu anaweza kuuliza: inakuwaje kuongeza samaki kupunguze samaki? Jibu liko katika namna trauti wanavyokaa. Mto, kwa trauti, ni kama soko lenye vibanda. Kila jiwe linalovunja mkondo lina kibanda nyuma yake, mahali ambapo samaki anaweza kusimama bila kuchoka huku chakula kikimpitia mbele. Wakubwa wana vibanda bora, wadogo wana vya pembeni, na ugomvi ukishaisha kila mmoja anajua mahali pake na nguvu zinabaki kwa kula na kuzaa. Sasa mwaga ghafla mamia ya samaki waliolelewa kwa kusukumana bwawani, wasiojua adabu ya soko. Vurugu inaanza upya. Wenyeji wanahamishwa, wanakimbizana, wanatumia mafuta ya mwili ambayo wangeyahitaji majira ya baridi. Wageni nao hawadumu, kwa kuwa hawajui kuishi. Wengi huvuliwa au kufa kabla ya mwaka kuisha. Mwishowe mto unabaki na wachache kuliko ulivyoanza, na mwenye ndoo anahitimisha kwamba mwakani lazima alete ndoo mbili.

Hapa watetezi wa maji ya binafsi wana hoja ya kwanza, nayo ni nzito. Wanasema mali ya wote haina mlezi: fungua mto, na watu watautia mikono mpaka usibaki kitu. Sisi wa Afrika Mashariki tumeona maziwa yetu yakivuliwa kwa nyavu za macho madogo hadi wavuvi wenyewe wakalia, hivyo hoja hii hatuwezi kuipuuza. Lakini kilichokosekana kwenye maziwa hayo ni sheria inayofuatwa, na sheria inaweza kuwepo bila lango. Tuangalie mto Yellowstone ndani ya hifadhi, ambako tangu 1973 sehemu yake mojawapo iliwekewa kanuni kwamba kila trauti wa asili anayevuliwa arudishwe majini. Watafiti waliochunguza sehemu hiyo mwaka 1981 walikadiria kwamba kila samaki alivuliwa kwa wastani mara 9.7 katika msimu mmoja. Vifo kwa kila kuvuliwa vilikuwa takriban asilimia 0.3 tu. Maji baridi, ndoana isiyomezwa na mikono yenye kulowa kabla ya kumshika vilitosha. Huo ulikuwa mto wa umma, umejaa watu wasiojuana, na samaki walikuwepo kwa maelfu. Hao trauti walikuja kuporomoka baadaye, ni kweli, lakini waliowaporomosha si wavuvi hao. Mwaka 1994 ziwani Yellowstone aligunduliwa trauti wa ziwa, samaki mlafi ambaye mtu fulani alimtia humo kinyume cha sheria, naye akawala wenyeji. Ndoo tena.

Sheria ya Montana kuhusu nani aingie mtoni inastahili kuelezwa, kwa sababu inakata fundo ambalo nchi nyingi zimeshindwa kulifungua. Katiba ya jimbo ya 1972 inatamka kuwa maji yote ni mali ya jimbo kwa matumizi ya watu wake. Mwaka 1984 mahakama kuu ya jimbo, katika kesi mbili zilizohusu mito Dearborn na Beaverhead, ikaamua kwamba kama maji ni ya watu, basi watu wanaweza kuyatumia bila kujali ni nani mwenye ardhi iliyo chini yake. Mwaka uliofuata bunge likatunga sheria: mwananchi anaweza kutembea na kuvua mpaka alama inayofikiwa na maji yanapojaa kwa kawaida. Juu ya alama hiyo ni shamba la mtu, na kulikatiza ili ufike mtoni bila ruhusa ni kosa. Unaingilia darajani, au mahali pa umma, kisha unafuata maji. Wenye mashamba walilalamikia takataka, uzio uliokatwa na ng'ombe walioshtuliwa, na malalamiko hayo hayakuwa ya uongo yote. Lakini tazama jinsi mstari ulivyochorwa: mwenye ardhi hakunyang'anywa nyasi zake, nyumba yake wala haki ya kumfukuza anayepita malishoni. Alichoambiwa ni kwamba hawezi kulifanya shamba kuwa hati ya kumiliki kitu kinachopita tu, ambacho jana kilikuwa theluji mlimani kwa mwingine na kesho kitakuwa kwa jirani wa chini.

Kesi iliyoupima msimamo huo kwa ukali zaidi ilihusu Mitchell Slough, mkono wa maji katika bonde la Bitterroot. Matajiri wenye mashamba kandokando yake walikuwa wamegharamia kuuchimbua, kuusafisha na kuufanya makazi mazuri ya trauti, kisha wakadai kwamba kwa kazi yote hiyo ule haukuwa tena mto bali mfereji wao. Mahakama ya chini iliwakubalia. Mwaka 2008 mahakama kuu ikakataa: maji yalikuwa yakipita njia hiyo kabla yao, na kukitengeneza kitu cha umma hakukifanyi kuwa chako. Najua swali linalofuata: basi nani atatoa fedha zake kuuponya mto ambao wengine watauingia? Watoe wavuvi wenyewe, na wanatoa. Kila mwenye ufito Montana hununua leseni, na tangu 1950 sheria ya Marekani hutoza ushuru kwenye zana za uvuvi, fedha ambazo hurudi majimboni kwa ajili ya samaki. Asiyelipa kiingilio langoni havui bure.

Hoja ya pili inatoka Uingereza, na binafsi naiona ndiyo bora kuliko zote zilizo upande wa maji ya binafsi. Kule, juu ya mahali bahari inapofika, haki ya kuvua ni ya mwenye ukingo, naye anaweza kuiuza au kuikodisha kama chumba. Kwenye mto Test, Hampshire, klabu ya Houghton imekuwa ikivua tangu 1822. Mito hiyo ya mawe ya chaki, ambayo sehemu kubwa ya iliyopo duniani iko England, hutoka ardhini ikiwa safi na ya ubaridi usiobadilika sana mwaka mzima. Walinzi huikata magugu na kuitunza kama bustani. Na haki hiyo ya kumiliki ina meno. Mapema katika miaka ya 1950 klabu ya wavuvi wa Derby, watu wa kawaida kabisa waliokuwa na haki ya kuvua, iliishitaki kampuni ya British Celanese, manispaa ya Derby na mamlaka ya umeme kwa kuuchafua na kuupasha moto mto Derwent, ikashinda. Serikali ilikuwa imeshindwa kuulinda mto, wavuvi wakaulinda, kwa sababu tu walikuwa na kitu chao cha kudai mahakamani.

Hoja hii sitaki kuipindua. Nataka kuisoma vizuri. Kilichouponya Derwent hakikuwa lango. Samaki hawakuwa wakifa kwa sababu ya wapita njia. Kilichouponya ni haki ya kwenda mahakamani bila kumsubiri ofisa, na haki hiyo haina lazima ya kufungamanishwa na hati ya ukingo. Zaidi ya hapo, umiliki wa ukingo unakoma penye mpaka wa shamba, ilhali maradhi ya mto huanzia mbali. Kaskazini magharibi mwa London vijito vya chaki kama Ver na Misbourne vimewahi kukauka sehemu zake kwa kuwa maji ya ardhini yalifyonzwa mno kwa ajili ya mabomba ya miji. Mwenye ukingo hapo alibaki na hati safi na changarawe kavu. Waingereza wenyewe, baada ya kupandikiza kwa zaidi ya karne, waligundua kwamba samaki wa kufugwa wanaoachiwa kwenye mito yao ya binafsi wanazaana na wale wa mwitu na kuwadhoofisha, wakaweka kanuni, iliyokamilika 2015, kwamba trauti wa kahawia wanaopandikizwa wawe tasa au wazaliwe na wazazi wa mto huohuo. Serikali iliingia kuwalinda samaki dhidi ya wamiliki wao.

Kuna maji ya binafsi ambayo hoja yangu haiyagusi, na haki ni kuyataja. Katika Paradise Valley, Montana, kusini mwa mji wa Livingston, vijito vitatu vya chemchemi hupita ndani ya mashamba ya familia. Unalipa, idadi ya fito kwa siku ina kikomo, na trauti wake ni wa mwitu, werevu kiasi cha kumdhalilisha bingwa. Mwenye maji wa namna hiyo hauzi uhakika. Anauza nafasi ya kushindwa kwa amani. Kama maji yote ya kulipiwa yangekuwa hivyo, nisingekuwa na la kuandika. Na bwawa la samaki wa chakula, kama yale ya karibu na Nanyuki ambako mteja hula samaki aliyekuzwa palepale, nalo ni jambo jingine: huo ni ufugaji kama wa kuku, halali na wenye manufaa, mradi hakuna anayeuita uvuvi na mradi samaki hawatoroki kuingia mtoni.

Msomaji makini atakuwa ameshaona tundu katika maneno yangu. Ikiwa ndoo ndiyo adui, mbona trauti wa Gura aliletwa na ndoo? Mbona trauti wa kahawia wa Madison naye asili yake ni Ulaya, aliyefika Marekani kwa mayai kutoka Ujerumani mwaka 1883, na yule wa upinde wa mvua ni wa pwani ya Pasifiki? Ni kweli, na ndoo ya kwanza ilikuwa na gharama yake: trauti wa asili wa Montana, mwenye alama nyekundu chini ya taya, amesukumwa hadi vijito vya juu kabisa. Sisemi kwamba kosa la kwanza lilikuwa jema. Nasema kosa halifutwi kwa kulirudia kila msimu. Mwitu, kwa maana ninayoitumia, ni kuzaliwa, kuchujwa na kufa ndani ya maji yaleyale vizazi baada ya vizazi, na trauti wa Gura amefanya hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja. Ndoo ya leo ina hatari ambayo ya 1905 haikuwa nayo, yaani magonjwa ya vituo vya kufugia. Vimelea vya ugonjwa wa kizunguzungu, vyenye asili ya Ulaya, vilienea Marekani tangu miaka ya 1950, hasa kwa kusafirishwa kwa samaki wa kufugwa. Kifaranga aliyeambukizwa hupinda uti wa mgongo na kuzunguka kama pia hadi kufa. Viligunduliwa Madison mwaka 1994, na katika sehemu za juu za mto huo trauti wa upinde wa mvua walipungua kwa takriban asilimia 90.

Kwa Kenya somo hili si la mbali. Mito ya trauti ndiyo mito inayowanywesha watu wa Nyeri, Kirinyaga na Laikipia, na tishio lake kubwa si mvuvi wa ufito. Ni mabomba na pampu za mashamba yanayoyachota maji kiangazi, na misitu inayokatwa juu kisha maji yakapata joto na tope. Trauti, ambaye huanza kutaabika maji yakizidi nyuzi joto 20 hivi za Selsiasi, huwa wa kwanza kuondoka. Kujenga lango zaidi na kumwaga vifaranga zaidi hakutaongeza hata ndoo moja ya maji. Wakenya wanacho chombo ambacho wavuvi wa Derby walikipata kwa haki ya kuvua tu. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inaihesabu mito kuwa ardhi ya umma, na Ibara ya 70 inampa mtu yeyote ruhusa ya kwenda mahakamani haki ya mazingira safi inapovunjwa, bila kutakiwa kuthibitisha kwamba yeye au mwingine amepata hasara.